Zege lisubiri Bweranyange

Barua ya wazi kwa waheshimiwa madiwani wa Halmashauri za Wilaya za Karagwe na Kyerwa

YAH: BWERANYANGE IPATE MIPAKA KABLA HAIJAPATA JENGO

Waheshimiwa madiwani,

Naomba nianze kwa kujitambulisha, maana kazi yangu haina jina linaloeleweka haraka. Kwenye mikataba naitwa mshauri wa mipango ya urithi. Mama yangu, mzaliwa wa Nyaishozi, huwaambia majirani kwamba mwanawe anapima makaburi. Sijawahi kumsahihisha. Makaburi nimeyapima kweli, na misingi ya nyumba za kale, na mashimo ya kuyeyushia chuma, na mara moja choo cha shule kilichokuwa kimechimbwa katikati ya makazi ya watu wa zamani sana. Pale watu wanapotaka kulima, kujenga au kupitisha barabara, na papo hapo pana mabaki ya waliotutangulia, naitwa niseme kipi kibaki, kwa upana gani, nani akitunze na kwa fedha ipi. Ni kazi ya ramani na mikutano. Wanaochimba ni wenzangu wa akiolojia.

Nawaandikia kwa sababu kila nikija nyumbani, iwe kwenye basi, msibani, au kwa fundi pikipiki pale Omurushaka, nikishasema ninachofanya naulizwa swali lile lile: lini Bweranyange, penye ikulu ya kale ya Karagwe, itajengewa makumbusho ya maana? Watu wanataka jengo, geti, sanamu ya Omukama (mfalme) Rumanyika, bango kubwa barabarani. Sina ugomvi na jengo. Ninachoomba ni kwamba zege lisimwagwe mpaka mahali pale pawe na mipaka iliyopimwa, ikakubaliwa na mkutano mkuu wa kijiji, ikaingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Na kazi hiyo aishike mtumishi wenu wa kudumu. Msije mkaniita mimi, wala mwenzangu yeyote, siku za mwisho kuja kubariki jambo lililokwisha kuamuliwa.

Tarehe 25 Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika. Speke alikaa mpaka Januari 1862, kisha akashika njia ya Buganda. Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, akabaki mpaka Aprili. Katika wiki zile Speke alitoa futi yake akampima shemeji mmoja wa Omukama, mama aliyenoneshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi ya jumba lile: mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4, akaendelea na paja na shavu la mguu. Vipimo hivyo vilichapishwa mwaka 1863 na mpaka leo vinasomwa. Mama yule hakuwa na haja yoyote ya kupimwa. Ikulu aliyokuwa amekaa ndani yake ndiyo iliyohitaji futi, nayo mgeni aliipita.

Kwa mtu wa kazi yangu Grant ndiye mgeni aliyetufaa. Speke alikuwa na haraka ya mto Nile. Grant alikuwa na mguu. Mtu asiyeweza kutembea hukaa akatazama, akachora. Michoro yake ya rangi ya safari ile imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh, na ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo mpangaji wa Bweranyange angeandika barua kuomba nakala zake. Gharama ni barua tu.

Miaka 14 baada yao, mwaka 1876, akaja Henry Morton Stanley. Alifikia Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu waliounganisha Karagwe na Tabora na pwani. Rumanyika alimwonesha nyumba yake ya hazina, na kitabu cha Stanley kikachapa mchoro wake: msonge, mikuki, ng'ombe na ndege wa shaba. Akapelekwa pia kwenye chemchemi ya maji moto ya Mutagata.

Sitaji wageni hawa ili niwaenzi. Nawataja kwa sababu safari zao, zikisomwa kwa jicho la mpangaji, zinaonesha kwamba ikulu haikuwa kilima kimoja chenye nyumba moja. Palikuwa na zizi, viwanda vya wahunzi, nyumba za wake na watumishi, njia ya kwenda ziwani, soko la Kafuro, maji ya tiba. Leo Bweranyange ni kata ya Karagwe, Mutagata iko upande wa Kyerwa, na tangu Kyerwa ilipokuwa wilaya inayojitegemea mwaka 2012 vitu vilivyokuwa vya mwenyewe mmoja vimejikuta chini ya mabaraza mawili. Ndiyo maana barua hii ina anwani mbili. Kila halmashauri ikitunza kipande chake kivyake, hakuna mtoto wa shule atakayeelewa kwamba ni habari moja.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Kilwa Kisiwani kuna kuta. Mtu akishuka kwenye mashua anaona msikiti, anaona matao, hahitaji kuelezwa kwamba hapo paliishi watu wakubwa. Bweranyange ilijengwa kwa miti, nyasi na matete. Mgeni anayeteremka kwenye gari akitarajia magofu ataona migomba na mikahawa na vumbi la gari lake, atauliza: iko wapi? Gofu hujilinda kidogo, kwa sababu anayelibomoa anajua anabomoa. Ikulu ya miti na nyasi ikianguka huacha udongo. Huacha tabaka jeusi la samadi pale palipokuwa na zizi, udongo mwekundu uliochomwa, vigae, mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo iliyopeleka upepo wa mvukuto tanuruni. Hayo ndiyo maktaba yetu, nayo yamelala sentimita chache chini ya nyayo za mkulima.

Jembe la mkono linaweza kupita juu ya maktaba hiyo miaka hamsini bila kuiharibu sana. Msingi wa jengo wenye kina cha mita moja na nusu unaimaliza kwa siku mbili. Nasema hivi nikijua yatawaudhi baadhi yenu: kwa sasa kitu kinachoweza kuiumiza Bweranyange kuliko vyote ni makumbusho ya Bweranyange. Mkulima hana mashine ya kuchimbia. Mkandarasi anayo, na mkataba wake una tarehe ya kukabidhi.

Mtaniuliza basi panajengwa wapi. Pembeni. Mahali ambapo wanaakiolojia wamekwisha kuchimba mashimo ya majaribio wakahakikisha hakuna kitu. Kujua pembeni ni wapi, lazima kwanza ujue katikati ni wapi. Ni hesabu rahisi, na bado ndiyo hatua inayorukwa kila mahali nilipofanya kazi, kwa sababu mpaka hauzinduliwi kwa utepe wala haupigiwi picha na mgeni rasmi.

Vyuma vya Omukama navyo vinastahili neno. Nyundo, mikuki na ng'ombe wa chuma havikuwa mapambo. Wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean, katika makala yao ya mwaka 1995, waliandika juu ya maana ya chuma katika Karagwe, jinsi uhunzi ulivyoshikamana na utawala. Omukama hakuwa mtu wa ng'ombe peke yake. Ufalme ulifuliwa pia kwa nyundo. Ukiweka ng'ombe wa chuma kwenye kabati la kioo huku mahali alipofuliwa pamemwagiwa zege la maegesho ya magari, mtoto atajifunza kwamba babu zake walikuwa na vitu vizuri. Hatajifunza kwamba walijua kuvitengeneza. Na kabati lenyewe lifikiriwe vizuri: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoupiga mkoa wetu, Bukoba ilizika watu na nyumba nyingi zikaanguka. Jengo la kutunzia vitu visivyo na mbadala haliwezi kuchorwa kama ghala la kawaida.

Kuna sheria ambayo kila diwani wa huku angepaswa kuijua, kwa sababu ina kichekesho ndani yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ni kama mtunga sheria alisimama siku zake, akahesabu kama miaka mia moja kurudi nyuma, akapiga mstari. Mstari huo unapita ndani ya utawala wa Rumanyika. Ikulu aliyoiona Speke mwaka 1861 imewahi kwa miaka miwili. Nyundo iliyofuliwa mwaka 1870 na mhunzi yule yule, kwa Omukama yule yule, imechelewa, inahitaji njia nyingine ya kulindwa.

Lakini sheria hiyo inakaa Dodoma, na bikoni hukaa kijijini. Mkononi mwenu mna nyenzo zenye nguvu kuliko mnavyodhani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaeleza jinsi ya kuipanga. Nimeona ramani nyingi za mipango hiyo zimebandikwa kwenye ofisi za watendaji: makazi yana rangi yake, kilimo, malisho, msitu, shule na zahanati. Urithi hauna rangi. Mahali pa ikulu pamepakwa rangi ya kilimo, kwa hiyo kwa macho ya afisa yeyote anayekuja na mradi, pale ni shamba.

Mwaka 2019 hifadhi mbili za taifa zilitangazwa katika eneo hili, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Nyati na swala wakapata mipaka, askari na bajeti, na mojawapo ikachukua jina la Omukama. Sioni ubaya. Naona tu kwamba jina la Rumanyika limepimiwa mipaka huku nyumba yake ikisubiri.

Najua hofu ya wananchi, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo mipango mingi ya urithi inapofia. Mkulima akiona watu wenye vifaa vya kupimia na vikoti vyenye mistari inayong'aa, anajua anahamishwa. Ana haki ya kujua hivyo, ameona kwa wenzake. Anaweza kung'oa bikoni usiku, na mimi nisingemlaumu. Kwa hiyo neno "hifadhi" lisitumike Bweranyange kabla ya mkutano wa kwanza. Litakuwa limekwisha kuharibu.

Mpango ninaoufikiria hauhamishi mtu. Unachora duara la ndani, dogo, pale ambapo wazee na mashimo ya majaribio yanakubaliana kwamba ndipo penyewe. Ndani ya duara hilo migomba inaendelea kulimwa kwa jembe, mikahawa inaendelea kuchumwa. Kisichoruhusiwa ni msingi mpya, shimo refu la taka au choo bila mtu kuja kutazama kwanza, na kupanda mikaratusi, ambayo mizizi yake hupasua kila inachokutana nacho. Nje yake unachora ukanda mpana zaidi, ambamo nyumba zinajengwa lakini mnara wa simu hauwekwi mbele ya mandhari ya ziwa. Anayepunguziwa uhuru wa shamba lake apate kitu kinachoshikika: kupimiwa hati ya kimila bila malipo, nafasi ya kwanza ya ajira ya ulinzi na uongozaji wageni, sehemu ya kiingilio iende kwenye mfuko wa kijiji kwa asilimia itakayopigiwa kura. Haya yajadiliwe hadharani, kwa Kinyambo, jioni watu wakiwa wametoka shambani, hata ikichukua mikutano sita. Mimi nimezoea mikutano sita. Anayeileta ramani ikiwa imekamilika na kuomba sahihi za mahudhurio hajafanya mpango.

Mfano wa karibu upo mkoa huu huu. Katuruka, karibu na Maruku, ndipo palipokuwa na ikulu ya Mukama Rugomora Mahe na mahali pa Kaiija, panapohusishwa na uhunzi. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alianza kazi Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, na uchunguzi wake ukaonesha kwamba chuma kiliyeyushwa pale zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini linalonivutia zaidi lilitokea baadaye sana, kuanzia mwaka 2008, wanakijiji wenyewe walipoamua kufufua eneo lao. Waliunda kamati, wakahoji wazee wao, wakaeleza wenyewe kipi ni muhimu. Katika mahojiano hayo ikadhihirika kwamba wanawake walijua mambo ya matambiko ambayo utafiti wa awali, uliozoea kuuliza wanaume, haukuyafikia.

Wanakamati wa Katuruka walikuwa pia wanakimbizana na pengo ambalo kila familia ya Kagera inalijua. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Kizazi kilichopaswa kupokea habari kwa babu na kumpa mjukuu ndicho kilichozikwa. Mzee wa miaka 85 aliyebaki Bweranyange pengine hana mtoto wa kumsimulia, ana vitukuu wanaotazama simu. Kwa hiyo matumizi ya kwanza ya fedha yoyote mtakayopata yawe kinasa sauti na mtu wa kutembea naye shambani, mzee ataje kila mti, kila kisima na kila mwinuko kwa jina lake. Jengo linaweza kusubiri miaka kumi. Yeye hawezi.

Sasa niwaeleze jinsi watu kama mimi tunavyopatikana, mpate kuona kwa nini nasema msitutegemee. Zabuni hutangazwa. Hadidu za rejea zimeandikwa na mtu ambaye hajafika eneo la mradi. Siku zinazotolewa ni chache na malipo huja kwa awamu, ya mwisho ikiwa baada ya ripoti kupokelewa, jambo linalomfanya mshauri asipende kuandika neno litakalomuudhi anayepokea. Nimeishi hivyo miaka mingi. Ni kazi ya kubanduka: unafika, unajifunza majina ya watu, unaandika, unaondoka, na kesho yake uko mkoa mwingine unaanza upya kuuliza mtendaji anakaa wapi.

Katika mkoa mmoja, siutaji, niliwahi kupewa siku 12 kutathmini eneo ambalo greda lilikuwa limekwisha kupita. Nilikuwa na orodha ya wazee wanane wa kuwahoji, wote wanaume, nami sikuihoji orodha. Siku ya tano, bibi mmoja aliyekuwa akichota maji alinishika mkono mpaka kwenye rundo la udongo lililosukumwa na greda, akainama, akaokota kipande cha mrija wa udongo, akaniuliza kama hicho ndicho nilichokuwa nazunguka kukitafuta. Kilikuwa ndicho. Alijua palipokuwa na tanuru kwa sababu mama yake alimkataza kupanda viazi pale. Niliandika ripoti ya kurasa 84, kwa Kiingereza, yenye ramani nzuri. Mwaka uliofuata nikapita tena. Mtendaji akafungua droo, ripoti ilikuwa bado ndani ya bahasha. Akaniomba nimweleze inasema nini. Nilimaliza kwa dakika kumi. "Kumbe ni hivyo tu?" akasema. Ile aibu ni yangu, siwezi kumtwika mwingine. Tangu siku ile siachi kijiji bila kurasa tano za Kiswahili na ramani ya kubandika ukutani.

Na hata mpango mzuri hautoshi ukikosa mtu. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulikuwa na mamlaka yake tangu mwaka 1985, ukapata mpango kamili wa uhifadhi mwaka 1994, ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo kubwa kuliko yote, ikaporomoka na kuua. Uganda walikuwa na makaburi ya Kasubi, msonge mkubwa wa Makabaka, katika orodha hiyo hiyo tangu mwaka 2001. Moto wa tarehe 16 Machi 2010 uliuteketeza usiku mmoja, na ilichukua hadi mwaka 2023 kuondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mkifikiria kujenga msonge wa maonesho Bweranyange, ulizeni kwanza ndoo za maji zitakaa wapi na nani atalala pale.

Lamu walifanya jambo ambalo napenda kulisimulia. Katika miaka ya 1970 Usam Ghaidan aliupima mji, na mwaka 1986 ukachapishwa mpango wa uhifadhi, kazi ya Francesco Siravo na Ann Pulver. Wakaweka ofisi ya mipango ndani ya mji wenyewe, ambako fundi anaweza kuingia na swali la chokaa, mwenye nyumba akaja na ugomvi wake wa ukuta. Urithi wa Dunia ulikuja mwaka 2001, robo karne baada ya vipimo vya kwanza. Mkahawa wenu unazaa mapema zaidi, najua, lakini hata mkahawa hampandi leo mkachuma Jumamosi.

Kwa hiyo nawaomba nafasi moja kwenye ikama. Awe mtumishi mmoja wa halmashauri mbili kwa makubaliano yenu, meza yake ikae kati ya afisa ardhi na afisa utamaduni, na kila mradi wa barabara, maji au shule upite kwake ukiwa bado mchoro. Watu wa kumpata wapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu mwaka 1985, Chuo Kikuu Ardhi kinatoa wapangaji kila mwaka. Kati ya mwaka 1998 na 2009 taasisi ya ICCROM iliendesha programu ya AFRICA 2009, na Waafrika wengi, Watanzania wakiwemo, wakapata mafunzo ya kutunza maeneo ya urithi Mombasa. Baadhi yao sasa ni wastaafu wanaotafuta wa kumwachia walichonacho. Chukueni kijana, msichana au mvulana, anayejua Kinyambo, aliyesoma mipango au akiolojia, mkamfungie mkataba wa kusomeshwa na kurudi. Atakosea mwanzoni. Nilikosea nami, tena kwa malipo makubwa kuliko atakayolipwa yeye.

Mtasema hakuna fedha, kuna madawati na vifaa vya zahanati. Sibishi. Lakini mpango huu hauhitaji fedha ya jengo. Unahitaji mpima mmoja kwa wiki chache, kifaa cha GPS ambacho idara ya ardhi inacho, posho ya wazee na chai yao, bikoni za zege (hili ndilo zege pekee ninalolikubali kwa sasa), na kikao cha pamoja cha mabaraza mawili. Na siku mfadhili wa makumbusho atakapokuja kweli, atakuta mahali pa kujenga pamekwisha kujulikana.

Kuna orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ambayo Tanzania iliwasilisha mwaka 2006 kwa ajili ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Ina Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara, Ujiji. Tawi la njia lililopanda kutoka Tabora mpaka Kafuro halimo. Sisemi tukimbilie huko. Nasema siku mtu atakapofungua orodha ile tena, atauliza ramani ya Bweranyange yenye mipaka iliyopitishwa na kijiji, na itabidi awepo mtu Kayanga wa kuitoa kwenye droo na kuisoma bila kunipigia simu.

Mkiitisha mkutano mkuu wa kijiji nitakuja kwa nauli yangu. Nitaleta futi kamba ya mita 50, penseli na karatasi kubwa. Mama amesema atanisindikiza. Naomba tu mnitafutie mapema mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, anayejua lango la ikulu lilitazama upande gani. Tutaanza kupima kutoka hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mshauri wa mipango ya urithi,
mtoto wa mama wa Nyaishozi

Nakala: Ofisi ya Mtendaji wa Kata, Bweranyange – tafadhali ibandikwe ubaoni.